Apu ya kutambua sarafu zenye kasoro, nimeitumia miezi minne

Nina duka dogo hapa Majengo, chenji inapita mkononi mwangu kutwa, na marehemu nyanya wa Mji wa Kale aliniachia kopo la hela za zamani, ndururu (zile senti tano za tundu), thumni (senti hamsini), mpaka zile shilingi za simba za Afrika Mashariki. Sasa nlipoona tangazo la apu unapiga picha sarafu inakwambia kama ilitoka kiwandani na kasoro na bei yake, nikaiweka kwa simu usiku ule ule.

Kutambua nchi na mwaka iko sawa, sina neno. Balaa ni kwenye kasoro zenyewe. Sarafu ya shilingi kumi ya kawaida kabisa ya dukani ikaniambia herufi zimejirudia, dola 150! Wallahi sikulala. Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja anayenunua hela za kale, akaiweka chini ya kioo cha sonara akasema mwanangu hebu tazama, hii kivuli chake ni bapa kama ngazi, muhuri, kile chuma cha kupigia chapa, ulitikisika tu wakati wa kupiga, haina bei. Ile ya kweli kosa liko kwa muhuri wenyewe, herufi zinatoka mbili mbili nene zimepishana, kama senti ya Marekani ya 1955, ile hata bila kioo waiona.

Halafu kilichoniuma zaidi. Kwenye kopo la nyanya kuna ndururu tundu lake limekwenda upande, limekula pembe moja ya ndovu. Apu ikasema ya kawaida! Mzee aliishika muda mrefu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu, akaniuliza kama nauza. Tundu lilitobolewa kabla ya chapa kupigwa, na mtu akitoboa mwenyewe baadaye kwa keekee, ukingo hubaki na makwaruzo. Picha ya simu haioni hayo, wala haijui uzito, wala haijui kama pande mbili zimepinduka moja kwa nyingine, maana inapiga upande mmoja mmoja.

Na ile siku tatu za bure angalieni sana, mimi nilisahau kuzima nikakatwa ya mwaka mzima, nimewaandikia mara mbili kimya.

Nyota mbili, zote ni za kutambua nchi. Hela iliyobaki nimenunua kioo cha mara kumi na kamizani kadogo ka dhahabu ka kusoma mpaka sehemu ya gramu, vyote viwili havijafika bei ya hiyo apu. Na tafadhali msisugue sarafu kwa ukwaju kama mnavyosugua sinia za shaba, thumni mbili za nyanya nilizing'arisha hivyo na mzee alizirudisha bila hata kutaja bei. Ndururu sijauza, nimeifunga kwa karatasi kavu.