Kipimo cha nikeli na hereni za titani: uzoefu wangu Lubumbashi

Kati ya vyote nilivyoagiza kwa ajili ya aleji ya nikeli, kilichonifaa zaidi ni kipimo chenyewe, si pambo lolote. Hereni za titani nazo ni nzuri, ila vifungo vyake vya nyuma si vya kuaminiwa.

Kipimo ni chupa mbili ndogo: moja ina daimethiliglioksimu, kemikali inayogeuka waridi ikikutana na nikeli, iliyoyeyushwa katika alkoholi, nyingine ina amonia. Unadondosha matone mawili ya kila moja kwenye kijiti cha pamba, unasugua pambo kwa sekunde 30, kisha unatazama pamba. Ikigeuka waridi, nikeli inatoka na pambo hilo halifai kugusa ngozi yako. Fungua dirisha, amonia inachoma pua. Umeme ukikatika, ahirisha. Alkoholi na mshumaa havikai meza moja.

Kosa la kawaida ni kusugua ua la mbele na kusahau msumari unaoingia sikioni. Kosa la pili ni kuamini plake, yaani pambo lililopakwa dhahabu juu tu. Chini ya dhahabu mara nyingi hupakwa tabaka la nikeli ili dhahabu ishike na ing'ae. Dhahabu ikiwa nzima, pamba hubaki nyeupe. Jasho na msuguano vikishaila, hereni ileile inakuwasha. Muuzaji wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, akikuambia "mama, hii haichuji", anazungumzia rangi tu. Pima tena kila mwezi, hasa Oktoba, joto linapopanda kabla ya mvua, kwa sababu chumvi ya jasho ndiyo inayoitoa nikeli ndani ya metali. Futa kutu kwanza, maana chuma nacho kinaweza kuitia pamba rangi ya kukudanganya.

Sasa malakiti, kwa sababu Lubumbashi huwezi kuikwepa. Jiwe lenyewe halina neno, tatizo ni ndoano. Usiruhusu tone la kipimo liguse jiwe: malakiti ni kaboneti ya shaba, amonia huiyeyusha na mng'aro hupotea. Pima ndoano peke yake. Ikionyesha waridi, ibadilishe kwa ndoano ya titani au niobi, waya wa milimita 0.8. Shika kijipete cha ndoano kwa koleo ndogo, ukisokote pembeni badala ya kukipanua, la sivyo hakitarudi duara na jiwe litadondoka.

Bangili ya mukuba, yaani shaba, ikikuachia alama ya kijani, hiyo si aleji. Ni chumvi za shaba, ukiosha kwa sabuni zinatoka. Aleji huwasha, huvimba, hutoa vipele vya maji, na mara nyingi hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kuvaa. Kwa hiyo usilaumu ulichovaa leo asubuhi, kumbuka cha juzi.

Alama ya 925 ni fedha iliyochanganywa, kwa kawaida na shaba, mimi naivaa. Kinachoitwa "alpaka" hakina fedha hata kidogo: ni shaba, zinki na nikeli. Inoksi (chuma kisichoshika kutu) ya aina ya 316L ina nikeli asilimia 10 hadi 14 lakini huishikilia vizuri, inafaa kwa saa. Kwa tundu jipya la sikio chukua titani. Neno "hypoallergénique" (eti haileti aleji) kwenye kadi halikuambii nikeli kiasi gani inatoka. Ulaya, msumari wa sikio lililotobolewa hauruhusiwi kutoa zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki. Tafuta muuzaji anayetaja kiwango hicho.

Verni ya kucha isiyo na rangi, mipako miwili, inasaidia kwenye kitufe cha jinzi kwa siku chache. Kwenye pete unayonawa nayo ni kupoteza verni.

Sikio likishawaka, vua, osha, paka haidrokotisoni ya asilimia 1. Usiguse krimu za kujichubua zenye klobetasoli, hata kama zinatuliza haraka. Ngozi ya sikio itakonda. Usaha ukitoka, nenda kwa daktari.

Kipimo hiki hakioni kobalti, madini yaleyale yanayopita hapa kwa malori kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na baadhi yetu wenye aleji ya nikeli tunayo ya kobalti pia. Pamba ikibaki nyeupe na bado unawashwa, omba kwa daktari wa ngozi kipimo cha vibandiko vya mgongoni: hukaa saa 48 bila kulowa, kisha husomwa tena siku moja au mbili baadaye.