Tahadhari kwa wageni wapya: mtu anayegongesha pasi mpakani bila mwenye pasi kufika

Ninaandika kuwatahadharisha ndugu zetu wanaohamia Tanzania kwa njia ya barabara, hasa wanaopitia mpaka wa Namanga kutoka Kenya kuja kufanya kazi au biashara Arusha na Moshi, kuhusu mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa vibali. Mtu huyu amekuwa akikusanya pasi za kusafiria za wageni, akizituma mpakani kwa mikono ya makondakta na madereva wa magari ya abiria aina ya Noah, na kuzirudisha zikiwa na mihuri ya kutoka na kuingia ambayo wenyewe hawakuwahi kusimama dirishani kuipata. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yameshafikishwa panapohusika, na pia kwa kuwa hayuko peke yake. Vishoka, yaani mawakala wa njia za panya, wa aina hii wanapatikana karibu na kila mpaka wenye shughuli nyingi, na namna yao ya kufanya kazi ni ile ile.

Anachouza ni muda. Raia wa Kenya anapoingia Tanzania kama mgeni hupewa miezi mitatu bila kulipia viza, na inapokaribia kwisha ndipo kishoka huyu humtafuta, au hutafutwa, akidai kwamba kusafiri hadi mpakani ni gharama na usumbufu, kwamba maofisa watamhoji, na kwamba yeye ana mtu wake wa kumgongea kutoka na kuingia upya kwa siku moja, ili miezi ianze kuhesabiwa tena. Bei ya kwanza huwa ndogo. Pasi ikishakuwa mkononi mwake, bei hupanda: mara mtu wa zamu amebadilishwa, mara mfumo umegoma, mara imebidi aongezwe mwingine, na mwenye pasi hana la kufanya kwa sababu utambulisho wake wote uko kwa mtu asiyemjua vizuri.

Inafaa kila mgeni aelewe mpaka unavyofanya kazi, kwa kuwa biashara hii inategemea watu kutoelewa. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na marais Magufuli na Kenyatta, kinawaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anayetoka Kenya huvuka hadi jengo la upande wa Tanzania, akaanza na dirisha la Kenya kugongewa kutoka, kisha akaenda dirisha la Tanzania kugongewa kuingia. Hapo mgeni huchukuliwa alama za vidole na picha, huulizwa anakwenda wapi na kwa shughuli gani, na majibu yake huingizwa kwenye mfumo. Muhuri ni alama tu ya kumbukumbu hiyo. Muhuri usio na kumbukumbu nyuma yake ni wino, na hata pale unapokuwa umegongwa kwa kifaa halisi na mtumishi aliyehongwa, bado ni taarifa ya uongo kuhusu mahali ulipokuwa siku ile.

Mwalimu mmoja kutoka Kenya ninayemfahamu kwa karibu amelipia jambo hili kwa ajira yake. Shule iliyotaka kumwajiri ilimwombea kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi Daraja B kutoka Idara ya Uhamiaji. Pasi yake ilipopitiwa ikaonekana kwamba alitoka nchini na kurudi siku ambayo mfumo haukuwa na safari yoyote yenye jina lake, na siku hiyo hiyo daftari la mahudhurio la shule lilikuwa na saini yake. Kijana huyu si mhalifu. Aliambiwa kwamba hivyo ndivyo kila mtu anavyofanya, naye akaamini. Lakini pasi ilizuiliwa kama kielelezo, maombi yakasimama, na shule ikatafuta mwalimu mwingine.

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo kishoka halisemi kamwe: hata muhuri halali wa miezi mitatu hauruhusu kufanya kazi. Ni ruhusa ya matembezi. Aliyepata ajira anahitaji vibali vyote viwili, na mwajiri anayesema “anza kwanza, karatasi tutashughulikia baadaye” anamweka mfanyakazi wake katika hatari ile ile.

Madhara hayaishii Tanzania, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu wengi wa vijana hawa wana ndoto ya kwenda mbali zaidi kusoma au kuungana na familia. Fomu za viza za nchi nyingi huuliza kama umewahi kufukuzwa au kukataliwa kuingia katika nchi yoyote, na pasi yenye mihuri ya kughushi unaiwasilisha kwa mkono wako mwenyewe. Uingereza ikithibitisha kwamba mwombaji alitumia udanganyifu au nyaraka za uongo, inaweza kumkatalia viza kwa miaka 10. Kanada humfungia miaka 5 aliyetoa taarifa za uongo. Sheria ya Marekani huweka zuio la maisha kwa anayetafuta viza kwa udanganyifu kuhusu jambo la msingi, na msamaha wake hupatikana kwa masharti magumu. Shilingi laki moja na nusu ya kukwepa safari ya Namanga inaweza kumfuata mtu hadi ubalozini miaka mingi baadaye.

Kishoka huyo huyo anauza pia kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano, akiwaambia wenye kadi za zamani kwamba zimekwisha muda baada ya miaka 10. Si kweli. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha, hata kama kilitolewa kabla ya tarehe hiyo. Asiyechanjwa akachanjwe katika kituo kinachotambuliwa, angalau siku 10 kabla ya safari, maana cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi.

Kuhusu fedha, malipo ya Uhamiaji Tanzania hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na kabla hujaingiza namba ya siri simu hukuonyesha jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu binafsi, usiendelee. Anayetaka kuongezewa muda afike mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla siku zake hazijaisha.

Kwa wale ambao pasi zao ziko kwa kishoka huyu hivi sasa: msitume fedha zaidi. Hifadhini ujumbe wote wa simu na miamala, nendeni kituo cha polisi mkaandikishe kwamba pasi inashikiliwa na mtu, kisha wasilianeni na ubalozi wa nchi yenu Dar es Salaam. Kuna anaowashauri waripoti kwamba pasi imepotea ili wapate mpya isiyo na mihuri. Msikubali, kwani kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa lingine kamili, na alama za vidole mlizochukuliwa siku ya kwanza mpakani hazibadiliki kwa kubadilisha pasi.