Duka la mitishamba nyuma ya Marikiti: habasoda safi, ila ule unga wa kupanga uzazi mmh

Nianze na mazuri maana ami mwenye duka hana ubaya. Duka liko vichochoro vya nyuma ya soko la Marikiti, Mombasa, ukiwapita wauza viungo ukisikia harufu ya karafuu na udi jua ushafika. Habasoda yake haina mchanga, mdalasini ni magome ya kweli, asali sijawahi kulalamika, na bei hakupigi kama wale wa mbele wanaongojea watalii. Kwa hayo nyota tano.

Kilichonifanya niandike ni ule mkebe wa rafu ya juu, umebandikwa karatasi imeandikwa kwa peni KUPANGA UZAZI – AKINA MAMA – IMETHIBITISHWA NA WANASAYANSI. Mie wakati huo nshachoka na kijiti cha kupanga uzazi cha mkono, damu inakuja inaenda inakuja miezi mitano, nkaenda kikatolewa, na jirani yangu huku Kisauni ashaniambia ati yeye anakunywa huo unga mwaka wa pili na hajashika. Nikamuuliza ami una nini ndani, akanambia mbegu za papai na majani ya mwarobaini, "mwanangu hii hata wahindi wameipima kwa mashine". Kijiko kimoja kila asubuhi na maji ya vuguvugu, shilingi 400 ya mwezi mzima.

Akanichotea na kijiko kile kile alichotoka kumpimia mtu pilipili manga, sikusema kitu nkapiga chafya tu. Ladha ni chungu mpaka unaisikia masikioni. Mwezi wa pili nkarudi, unga ukawa mwengine kabisa, wa kwanza ulikuwa rangi ya kahawa huu wa pili kijani kibichi, namuuliza ananambia "ni msimu". Msimu gani ami, si maembe haya! Lakini nkanywa. Basi siku zangu zikachelewa siku 9, na hizo siku 9 nnazijua mwenyewe, nshaanza kupiga hesabu ya pampasi za mtoto wa tatu. Siku ya kumi zikaja niko foleni ya feri Likoni, nlifurahi utadhani nimelipwa deni.

Binamu yangu anasomea ufamasia, kumwambia akacheka kwanza, kisha akaja na simu yake tukakaa barazani tukazisoma hizo tafiti. Na hapa nataka watu waelewe, ami hakudanganya kwamba utafiti upo, upo tena wa miaka mingi. Lakini ule wa mbegu za papai aliokuwa akiuzungumzia ulifanywa Jaipur, India, ukatoka 2002, na waliopewa ni tumbili aina ya langur, tena MADUME. Walipewa dondoo ya mbegu iliyokamuliwa kwa kemikali ya klorofomu si unga wa kinu, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, na baada ya siku 90 hivi manii yao yakawa hayana mbegu hata moja, wakaachishwa na baada ya muda zikarudi. Sasa mie ni dume? Miezi miwili nakunywa dawa ya mwanamume, tena wa tumbili.

Mwarobaini nao, walichopima 1984 ni mafuta ya mbegu zake wala si majani, na hayakunywewa, yalikutanishwa na mbegu za kiume maabara zikasimama kuogelea ndani ya sekunde 30. Jani na maji ya vuguvugu ni habari nyengine.

Iliyonitoa jasho ni ya pamba. Kule China kuna vijiji walikuwa wakipikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba wanaume wakawa hawazalishi, wakachunguza wakakuta kitu kinaitwa gosipoli, miaka ya 1970 wakaijaribu kama dawa ya kupanga uzazi kwa wanaume zaidi ya 8,000 na ikafanya kazi vizuri sana. Shida ikawa baadhi yao potasiamu ya damu ilishuka wakawa hoi, na wengine walipoacha dawa mbegu hazikurudi tena. Ikawekwa kando. Na hata vidonge vya kupanga uzazi vya hospitali asili yake ni mmea, miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker alitoa homoni kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico, lakini alivipitisha kwenye kemikali hatua kwa hatua, wewe ukivichemsha nyumbani hupati homoni yoyote.

Kwa hio mie nimewekewa koili ya shaba, haina homoni, inakaa mpaka miaka 10, mwezi wa kwanza tumbo lilinikata kweli kweli sasa nimezoea. Jirani nimemwambia, ameguna tu.

Huo unga nauwekea nyota 1, na hio moja ni kwa sababu ami alinisikiliza. Nlirudi nkamsomea ya tumbili pale pale dukani, akavaa miwani, akaichukua simu akaisoma yeye mwenyewe mara mbili, akanyamaza, kisha akanambia "basi mwanangu, mpe mumeo". Wiki iliyopita nimepita kununua karafuu nkatupa jicho juu. Mkebe upo. AKINA MAMA imekatwa kwa peni nyekundu, ikaandikwa BABA NA MAMA, na bei imekuwa 450.