Tanki la lita 1,000, miezi minne baada ya kulinunua

Kampeni za 2015 tuliahidiwa bomba hapa Chanika. 2020 tukaahidiwa tena, mgombea akanywa na soda yangu. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika sikungoja mtu: nikaenda duka la vifaa vya ujenzi hapo kituoni, nikarudi na tanki jeusi la plastiki la kukingia maji ya mvua, juu ya bajaji.

Tanki lenyewe halina neno. Ni nene, mfuniko unakaza vizuri, jua halijalipausha. Shida koki waliyonipa. Siku ya pili ilidondosha tone tone mpaka bata wa jirani wakahamia kwangu. Nikarudi dukani, muuzaji akanijibu, “Dada, hiyo ilikuwa zawadi.” Haya. Nikanunua ya shaba, fundi akaizungushia ile tepu nyeupe, imetulia.

Ukitaka kupima kama litakufaa: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Upande wa paa langu wenye mfereji una mita za mraba 30 hivi, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inalijaza, hata kama mengine yatamwagika. Mvua ikianza naacha kwanza bati lioshwe mavumbi na vinyesi vya kunguru, ndipo nageuzia bomba tankini. Ya kunywa nachemsha.

Jengea kitako cha tofali. Likijaa ni tani nzima, na mume wangu alitaka tulipandishe juu ya matairi!

Nyota nne. Ya tano imeliwa na koki.