Ganda la chungwa ndani ya mkebe wa 965

Mkebe wa tumbaku ya kiko ukiwa mzima hupumua unapofunguliwa. Unachomeka ukingo wa sarafu chini ya mfuniko, unaizungusha kidogo, na hewa inaingia kwa sauti ya mtu avutaye pumzi katikati ya meno. Sauti hiyo fupi ndiyo inayokuhakikishia kwamba tangu majani yalipofungiwa mle hakuna mkono mwingine ulioyagusa. Mkebe wangu wa safari hii haukupumua. Mfuniko uling'oka kwa kucha, na juu ya tumbaku, likiwa limejikunja na bado bichi upande wa ndani, palikuwa na ganda la chungwa.

Ganda la chungwa! Siku nyingi zimepita na nikiandika haya mkono bado unanitetemeka.

Niliununua Malindi, katika duka ambalo sitalitaja, nilipokwenda kwa harusi ya mpwa wangu, kusi likielekea mwisho. Hapa Amu, yaani Lamu, ukitaka tumbaku ya kutia kwenye tambuu utaipata hatua mbili kutoka nyumbani. Ya kiko, hasa mchanganyiko wa kizamani wenye Latakia, huipati hata ukizunguka kutoka Mkomani hadi Langoni. Malindi wapo Wataliano wazee walioketi pale miaka na miaka, baadhi yao wanavuta kiko, kwa hiyo maduka mawili matatu huagiza. Nilipouona mkebe wa mviringo wa My Mixture 965, mchanganyiko wa namna hiyo, kwenye kabati la kioo, moyo uliruka. Nililipa shilingi elfu saba bila kuomba punguzo. Muuzaji akautia kwenye bahasha ya karatasi, akaifunga kwa gundi, akanikabidhi. Nikaupakata kwenye basi mpaka Mokowe, nikauvusha kwa boti, nikauweka siku tatu bila kuugusa nikingoja usiku ambao nyumba imetulia. Siku tatu nilikuwa nikilipikia hamu ganda la chungwa.

Uzito na bei yake Ulaya mtajitafutia. Mimi nataka kuzungumza juu ya harufu, kwa sababu harufu ndiyo iliyoharibiwa. Katika mchanganyiko huu kuna majani ya Latakia, yaliyopewa jina la bandari ile ya Syria, Shamu ya wazee wetu, ingawa siku hizi yanatoka zaidi kisiwa cha Kupro. Majani haya hayakauswi kwa jua peke yake. Hutundikwa katika chumba chenye moto wa kuni na kufukizwa kwa muda mrefu mpaka yawe meusi kabisa, na miongoni mwa kuni zinazotumika huko Kupro kuna vichaka vya mastiki, vyenye utomvu unaonukia. Mtu aliyekulia kisiwani hapa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sisi tumekunywa maji ya mtungi uliofukizwa ubani. Tumekaa Matondoni tukitazama jahazi likipakwa shahamu huku kuni za mikoko zikifuka pembeni. Nilipoinusa Latakia kwa mara ya kwanza, ujanani, mkononi mwa mgeni niliyekuwa nikimtembeza, sikuona kitu cha ugenini. Niliona jiko la bibi yangu, lile la uani, saa ya alasiri moto ukiwa umeshazimika.

Juu ya Latakia kuna majani madogo ya nchi za Mashariki ya Kati na Uyunani yenye ukali mwembamba kama wa kiungo, na chini yake kuna kavendishi, tumbaku iliyoshindiliwa kwa joto, ya rangi ya kahawia, inayoutuliza moshi ili usiume ulimi. Basi. Hakuna asali, hakuna vanila, hakuna cheri. Ndiyo maana naiita ya kizamani: utamu wake umetoka kwenye jani na kwenye moto, haukumiminwa kutoka chupani.

Na hiyo namba 965 ina asili yake, na asili hiyo ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, mwaka 1907. Alikuwa akiwachanganyia wateja tumbaku kwa kadiri ya matakwa ya kila mmoja, na kila mchanganyiko ukaandikwa katika daftari lililoitwa My Mixture na kupewa namba yake. Mteja akirudi, anataja namba, anachanganyiwa kile kile. 965 ni mojawapo ya namba hizo. Leo mkebe una jina la Peterson, lakini namba imebaki. Maana yake ni nini? Maana yake kuna siku mfanyabiashara aliketi na mteja, akamsikiliza pua yake inataka nini, akaandika, akaheshimu. Tumbaku hii imezaliwa kutokana na kumsikiliza mteja. Halafu inafika Malindi, mtu anaichokonoa kwa vidole vyake na kuitia ganda la tunda alilokula mchana, bila kumuuliza yeyote.

Nilimtumia muuzaji picha kwenye simu. Akaiona, hakujibu. Nikampigia, akasema yuko na wateja. Nikapiga tena jioni, haikupokewa. Ningeweza kuacha, na mke wangu aliniambia niache, lakini wiki chache baadaye nilikuwa nampeleka Malindi kwa daktari wa macho, nikautia mkebe kwenye mfuko.

Nilimkuta amekaa nyuma ya kabati lile lile, vijana wawili wameegemea pembeni. Nikasalimu, nikauweka mkebe mbele yake, nikafungua. Hakushtuka.

"Nilikutunzia mzee, isikauke. Joto la hapa unalijua."

"Uliufungua mkebe uliozibwa?"

"Niliufungua kumwonyesha mteja mwingine. Akanusa, akasema hii ina harufu ya moshi wa jikoni, akaukataa. Sasa tatizo liko wapi? Chungwa si linanukia vizuri zaidi?"

Nilimwambia tatizo liko hapo hapo, kwamba harufu anayoiita ya jikoni ndiyo niliyolipia. Nikamweleza taratibu, kwa adabu, kwamba tumbaku ni kama unga wa kahawa, inafyonza kila kilicho karibu nayo, na ganda bichi ndani ya mkebe katika joto la pwani laweza kuiotesha ukungu ikabidi itupwe yote. Nikamwambia angenieleza mapema, tungekubaliana. Hapo akatabasamu, si kwangu, kwa wale vijana.

"Mzee wangu, tumbaku ni tumbaku. Halafu kiko chenyewe ni mambo ya Wazungu wastaafu. Nyinyi watu wa Amu si mna tambuu yenu? Mbona wajisumbua?"

Vijana wakacheka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji, akaninong'oneza, "Twende, baba." Nikatoka bila kujibu. Jibu lilinijia tukiwa tayari ndani ya tuktuk, na tangu siku hiyo nimelirudia mara zisizohesabika, kwa hiyo nitalisema hapa.

Neno kiko wewe umelipata wapi, kama si kwa babu zetu? Babu yangu mzaa mama, nahodha wa jahazi, alikuwa na kiko cha maji cha kifuu cha nazi kikaacho pembeni mwa daka kila jioni. Kila sehemu ilikuwa na jina. Bori, pale tumbaku inapokaa. Digali, mti unaoshuka hadi kwenye maji. Shilamu, unapotia mdomo. Na sauti ile ya maji yakichemka kwa pumzi iliitwa malio ya kiko, na wazee waliweza kukitambua kiko cha jirani kwa malio yake gizani. Na viko vya namna nyingine navyo vilikuwa na majina: kulikuwa na buruma, kulikuwa na toza ya udongo. Watu wenye maneno yote hayo waambiwe kiko si chao! Mimi kiko changu ni cha mzizi wa braia, kweli, mti wa huko Mediterania, nilichoachiwa na mgeni yule yule. Lakini mkono unaokishika ni wa hapa, na pua ni ya hapa.

Nikarudi nyumbani nimeazimia kumwaga tumbaku baharini na kumwambia kila mtu asinunue 965 kamwe. Ningeandika siku ile, mngesoma kwamba ni takataka, na ungekuwa uongo.

Sikuimwaga. Niliikagua kwanza jani kwa jani kwenye mwanga wa asubuhi, nikitafuta ukungu. Ningeona hata nukta moja ya utando ningeitupa, maana moshi wa ukungu haufai kuingia mdomoni. Haikuwa nayo. Nikaitandaza kwenye sinia juu darini, chini ya makuti, mahali pasipofika jua, saa mbili hivi, nikiigeuza kwa vidole. Ilikuwa imelowa kuliko inavyotakiwa. Kipimo changu ni kuibana kwenye kiganja na kuachia: ikibaki bonge, bado; ikifunguka polepole bila kuvunjika, tayari. Kisha nikaitia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka vizuri, nikaifunga.

Nilijaribu baada ya siku chache na nikajuta. Chungwa lilikuwa mbele, Latakia imejificha nyuma yake kama mgeni mwenye haya. Tena kiko kilikuwa kinalia. Kwenye kiko cha babu malio ni sifa, lakini kwenye kiko kikavu kama changu mlio ni aibu, ni maji yamejikusanya chini, na moshi wake huunguza ulimi. Nikakizima katikati, nikakisafisha, nikalala na hasira. Usiku ule ningeulizwa, ningesema nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya mkebe wenyewe.

Nikaiacha. Sijui ni wiki sita au saba. Upepo ulikuwa umekwisha kugeuka.

Basi usiku mmoja baada ya isha nikapanda darini na kiko, bila matumaini yoyote. Nikajaza, chini bila kushindilia, juu kidogo. Nikawasha mara ya kwanza, uso wa tumbaku ukainuka kama unavyofanya siku zote. Nikaulaza kwa upande wa nyuma wa kijiko cha chai, nikawasha tena. Moshi wa mwanzo ulikuwa na chungwa, sitawaficha, lakini lilikuwa dogo, la mbali, kama chungwa linalomenywa nyumba ya pili. Nikavuta taratibu. Kiko cha namna hii hakivutwi kifuani, kinaonjwa mdomoni, na ukikifanyia haraka kinakuadhibu kwa moto. Kilipofika kati, chungwa likaondoka. Likaondoka kabisa. Ikaja Latakia, nyeusi, laini, na nyuma yake ule ukali wa majani ya Mashariki, unaokaa kwenye paa la kinywa baada ya moshi kwisha. Bahari ilikuwa imejaa. Mlio pekee ulikuwa wa punda mmoja huko chini na mashine ya boti iliyokuwa inatoka Shela.

Nikasikia ami yangu anapanda ngazi. Ana miaka themanini na kitu, alivuta maisha yake yote ya baharini mpaka kifua kikamlazimisha kuacha, na daktari alimwambia wazi wazi kwamba hatavuta tena. Nilitaka kuzima. Akanizuia kwa mkono, akasimama mbali kidogo upande unakotoka upepo, akanyanyua uso.

"Nani afukizao mtungi?" akauliza.

Nikamwambia si mtungi, ami, ni kiko. Akatikisa kichwa, akasema anaujua mtungi. Akakaa. Hatukusema neno muda mrefu. Alipoondoka aliniambia tu, "Mama yako alikuwa akifukiza Ijumaa," akashuka akishika ukuta.

Kwa hiyo niseme nini sasa? Nilikuja kulaani. Tumbaku hii, mkiipata imezibwa, inunueni bila kusita, nyie ambao tayari mnavuta na mnajua mnachofanya. Wasiovuta sina la kuwashawishi, nimemwona ami akipumua. Nyota tano. Hapana, niipe nne, kwa sababu sijaionja ilivyo, nimeionja ilivyookolewa, na hilo si kosa lake. Basi tano.

Na duka lile? Nilishaanza kulisamehe, wallahi, usiku ule wa ami nilikuwa nimelisamehe. Asubuhi nikakumbuka kicheko cha wale vijana na mke wangu amesimama mlangoni na bandeji yake, msamaha ukaisha. Ganda angelitia kwa kutojua, watu hukosea. Angesema "samahani mzee" tu, ningemnunulia mkebe wa pili papo hapo. Hakusema. Nimemtumia ujumbe mara nyingine, nikamwandikia kwamba nataka mkebe uliozibwa au shilingi elfu saba zangu. Ameuona.

Chupa imebaki robo. Navuta Alhamisi kwa Alhamisi ili nisiimalize upesi, na ami hupanda bila kuitwa.