Rangi za kalipa: ya makopo mawili au ya kupuliza?

Kwenye rangi za kalipa, yaani kile kifaa cha breki kinachobana pedi kwenye diski, kinachovuta jicho kwanza ni namba ya joto kwenye kopo. Kampuni ya VHT huandika 900°F, kama 480°C. G2, kampuni nyingine, huandika 950°F, kama 510°C. Namba hizo ndizo zinazouza kopo, ila hazikusaidii sana kuchagua. Kinachowaka moto hasa ni diski na pedi, na kalipa ya gari la kawaida kwenye safari za kawaida mara nyingi haifiki hata 200°C. Tena ndani ya kalipa mna mafuta ya breki. DOT 4, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa ianze kuchemka kuanzia 230°C, na ikishanyonya unyevu huchemka mapema zaidi. Kalipa ikifika 300°C, pedali itakuwa imeshazama, na rangi itakuwa shida ndogo kuliko zote.

Rangi ya kalipa huharibiwa na grisi iliyobaki chini yake, mafuta ya breki yanayomwagika wakati wa kutoa hewa, na kokoto. Kopo lipimwe kwa hayo.

Kwa mtu anayepaka kalipa ikiwa bado kwenye gari, rangi ya makopo mawili, yaani rangi na hadina (kemikali ya kuikomaza), ndiyo chaguo letu bila kusita. G2 na Foliatec ziko kundi hili. Hukauka kwa kemikali, si kwa tina (kiyeyusho cha rangi) kuruka tu, kwa hiyo ikishakomaa huwa ngumu na hustahimili mafuta ya breki kuliko rangi ya kopo moja. Hili si dogo: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zina glaikoli, na tone moja likikaa juu ya rangi dhaifu huivimbisha, ikaanza kukunjamana, kisha ikabanduka kipande kizima. Faida nyingine ni brashi yenyewe. Rangi inakwenda pale unapoipeleka, na rangi hii nzito hujisawazisha yenyewe. Mistari ya brashi hupotea ndani ya dakika chache usipoirudiarudia. Kasoro yake ni kwamba ukishachanganya hakuna kurudi nyuma. Changanya nusu kwanza, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kukadiria kwa macho hapa ni kosa: hadina ikipungua rangi hubaki na unato hata baada ya siku kadhaa, na ikizidi haiharakishi kukomaa vizuri, huifanya iwe kavu mno na yenye kupasuka.

Spre inatoa uso laini zaidi, hilo hatubishi. Inafaa kalipa iliyotolewa kwenye gari na kufumuliwa. Kwa kalipa iliyo mahali pake, saa nzima itaishia kwenye tepu na magazeti, na bado ukungu wa rangi utaingia kwenye diski, kwenye nyuzi za stadi (boliti za gurudumu) na kwenye raba. Spre nyingi za kalipa ni za kopo moja, na zingine hazikomai mpaka zipate joto, kwa hiyo katika siku za mwanzo kucha tu inazikwaruza. Enameli ya kawaida ya chuma haistahili hata kujaribiwa: hugeuka rangi na kulainika kwenye joto. Kuna pia rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri karibu 200°C. Ni imara sana, lakini sili na raba zote lazima zitoke kwanza, na hapo kazi imeshageuka ukarabati wa breki.

Kiasi: mililita 250 hivi za rangi ya brashi hutosha kalipa nne za gari dogo kwa mikono, yaani matabaka, miwili au mitatu. Kalipa kubwa zenye pistoni pande zote mbili zitakula zaidi.

Usafi ndio robo tatu ya kazi. Gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki, na matairi ya upande wa pili yawekwe kabari. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwa sababu pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha lifute. Kalipa ya chuma cha kutupwa isuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu iliyolegea iishe, halafu msasa namba 120 au 180. Ya alumini isiguswe na waya wa chuma. Msasa 320 unatosha kuondoa mng'ao. Kalipa mpya pia ina kazi yake: ule mng'ao wa manjano au wa fedha ni zinki, na rangi haishiki vizuri juu yake bila kukwaruzwa.

Maliza kwa dawa ya breki na tambara jeupe. Rudia hadi tambara litoke jeupe, halafu rudia mara moja zaidi. Petroli na dizeli zisitumike, huacha utando wa mafuta. Jaribio rahisi: nyunyiza maji kidogo. Yakitandaa kama karatasi, chuma ni kisafi. Yakijikusanya matone, grisi bado ipo. Subiri maji yakauke kabisa, hasa kwenye pembe za braketi, fremu inayoshika kalipa.

Sehemu zisizopakwa ni muhimu kuliko zinazopakwa. Mahali pedi inapoteleza kwenye braketi: unene wa mikono mitatu ya rangi unatosha kuikaba pedi, ikabaki ikisugua diski, ikaisha upande mmoja na kupasha gurudumu moto. Pini za kuteleza na raba zake. Raba ya vumbi ya pistoni, ambayo tina huivimbisha. Nipo (kichuchu) ya kutolea hewa; ivishe kipande cha mrija mdogo wa mpira, ni haraka kuliko tepu. Hosi na boliti yake. Uso wa habu (kitovu cha gurudumu) unaokaa na rimu, kwa sababu rangi pale hubonyea baadaye na nati zikalegea. Ukiamua kuitoa kalipa ili ufikie mgongo wake, ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hosi huijeruhi ndani bila kuonekana nje.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi kwamba chuma kinachungulia. Watu wengi huogopa hapo na kuongeza, ndipo rangi inapotiririka na kuganda tone chini ya kalipa. Acha dakika 15 hadi 20 kati ya mkono na mkono, au kadiri kopo linavyosema. Anza kwenye mashimo na nyuma ya mbavu, malizia uso wa mbele ambao utaonekana kupitia rimu. Siku ya mvua au yenye unyevu mwingi iahirishe: mng'ao hufifia na kuacha ukungu mweupe. Tepu itolewe rangi ikiwa bado laini kidogo, vinginevyo itaondoka na kingo.

Nyekundu inapendeza kuliko zote siku ya kwanza. Ya bei ndogo hufifia ikaelekea waridi. Fedha na kijivu huficha vumbi la pedi vizuri zaidi. Nyeupe ni ya mtu anayeosha rimu kila wiki.

Ipe rangi saa 24 kabla ya kuendesha, na wiki nzima kabla ya kutumia dawa kali ya kuosha rimu. Nati zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama uliisukuma pistoni nyuma, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea, kwani breki ya kwanza isiyoshika ndiyo ajali yenyewe. Tone lililoangukia diski lifutwe kwa dawa ya breki lingali bichi. Likikauka, tumia msasa, usisubiri pedi ilile. Harufu kidogo katika safari za mwanzo ni kawaida, moshi si kawaida.

Rangi na hadina zilizobaki bila kuchanganywa zifunge vizuri sana, kila moja kwenye kopo lake. Utazihitaji kokoto ya kwanza itakapoacha alama, na kwa doa la ukubwa wa kucha kijiti cha meno kinafanya kazi safi kuliko brashi.