Muhtasari wa mwaka 2023 kwenye simu: muziki poa, muvi nusu nusu, habari za dunia hapana

Mwaka 2023 nilikuwa na apu tatu za kulipia kwenye simu, moja ya muziki, moja ya muvi na moja ya habari, na mwaka ulipokaribia kuisha kila moja ikaniletea ule muhtasari wake wa picha zinazopita zenyewe na namba kubwa kubwa, eti huu ndio mwaka wako. Mimi hivi vitu navipenda kweli, nikifika Desemba lazima nikae niuhesabu mwaka ulivyokwenda, kwahiyo nimeirudia yote mitatu wiki nzima. Kama unafikiria kulipia apu ya aina hii kwa ajili ya muhtasari wake, soma kwanza.

Ya muziki ndio yenye afadhali. Inahesabu vizuri, dakika ziko sawa, wasanii wangu wamekaa pale pale nilipowategemea. Calm Down ya Rema, ile aliyoirudia na Selena Gomez, ilitoka 2022 lakini 2023 ndio ilipasua, ikawa wimbo wa kwanza ambao msanii wa Afrika ndiye mwimbaji mkuu kuchezwa zaidi ya mara bilioni moja kwenye Spotify, na kwangu ilikuwa namba mbili, nikafurahi kama ushindi ni wangu. Na mwaka huo huo, mwezi Juni, tuzo za Grammy wakatangaza kipengele kipya kabisa cha muziki wa Afrika, yaani huu ulikuwa mwaka wetu kwenye muziki na muhtasari ulilionyesha hilo.

Ila shida yake ni kwamba inahesabu mara ngapi umecheza, haijui wimbo umekugusa kiasi gani. Namba moja yangu ilikuwa wimbo wa kumlaza mtoto, sawa, tumeucheza kila usiku sibishi. Lakini tarehe 24 Mei alipofariki Tina Turner, akiwa na miaka 83, mimi nilikaa na albamu zake siku tatu, nikipika ni yeye, nikifua ni yeye, mama alikuwa anazipenda sana zile nyimbo na hayupo tena. Kwenye muhtasari Tina hayupo hata kwenye ishirini bora. Siku tatu ni kidogo mno kwa mashine. Halafu hesabu inafungwa mapema, huu wangu ulitoka kabla hata Novemba haijaisha, kwahiyo Now and Then ya Beatles iliyotoka tarehe 2 Novemba, ambayo sauti ya mwenzao marehemu John Lennon imesafishwa kwa kompyuta kutoka kwenye kaseti ya miaka ya 70, na mimi nimeisikiliza Desemba yote, haionekani popote.

Ya muvi sina mengi. Inajua kile tu ulichoangalia ndani yake yenyewe, basi. Barbie na Oppenheimer zilitoka siku moja tarehe 21 Julai na nusu ya dunia ilienda kuziona zote mbili, Barbie peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, mimi Oppenheimer niliiona kwenye jumba la sinema, masaa matatu, hakuna aliyekohoa. Kwa apu yangu hayo hayakutokea. Wala haisemi popote kwamba waandishi wa Hollywood waligoma tangu tarehe 2 Mei mpaka 27 Septemba, na waigizaji nao kuanzia 14 Julai mpaka 9 Novemba, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo yao kazi zao zinapoonyeshwa tena na tena kwenye apu kama hii hii, pamoja na hofu ya akili bandia. Muvi ya Dune ya pili ilitakiwa kutoka Novemba ikasogezwa mpaka Machi 2024. Ningependa mtu anayelipia aambiwe hayo, maana ndiyo yanaeleza kwanini kuna vitu alivisubiri na havikuja.

Sasa habari. Hapa nimeumia. Tetemeko la Uturuki na Syria la tarehe 6 Februari, watu zaidi ya elfu 50 wamekufa, limepewa picha moja. Vita ya Sudan iliyoanza 15 Aprili na kufukuza mamilioni ya watu majumbani mwao, sentensi moja. Halafu ikaja Juni. Tarehe 18 ile nyambizi ndogo ya Titan ilipotea ikielekea kwenye mabaki ya Titanic, watu watano ndani, Mungu awapumzishe, na muhtasari umewapa picha sita, ramani, mpaka mchoro wa chombo chenyewe. Siku nne kabla yake, tarehe 14, meli ya uvuvi iliyotoka Libya kwenda Italia ilizama karibu na Pylos huko Ugiriki ikiwa imebeba watu wanaokadiriwa kufika 750, wengi kutoka Pakistan, Syria na Misri, wakatoka hai 104 tu. Hiyo haipo kabisa. Nimerudia mwanzo mpaka mwisho mara tatu nikidhani nimeipita. Na huu ndio muhtasari pekee kati ya mitatu ambao haukuchaguliwa na vidole vyangu, kuna mtu ofisini alikaa akaamua kipi kiingie.

Kwahiyo ya muziki nyota nne, naendelea kulipia. Ya muvi nyota mbili. Ya habari nimeifuta jana usiku, nikanunua daftari, na ukurasa wa kwanza nimeandika: 14 Juni, Pylos.